Misaada Ina Tarehe Zake: Serikali, Waajiri na Vyama vya Wafanyakazi Uchumi Unapoyumba

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wageni waalikwa katika sherehe za kutimiza miaka 62 ya Uhuru, Desemba 2023. Yanachapishwa hapa kwa maombi ya Kamati.)

   

Kamati iliponiomba nizungumze leo iliniambia neno moja tu: uchumi. Nikauliza, uchumi upi, wa hapa au wa nyumbani? Katibu akanijibu, ule unaotuumiza. Basi nimechagua jambo ambalo sisi tunaoishi Uingereza tumelipitia mara mbili ndani ya miaka mitatu. Uchumi unayumba, serikali inatangaza hatua, wenzetu wanapata, na sisi tunapata habari zake wakati dirisha limeshafungwa.

Mimi si mchumi. Nafanya kazi hospitali, na wenzangu wamenichagua niwe mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi. Tangu Machi 2020 naweka daftari, lile la kawaida la shule lenye mistari. Kila hatua ya kupunguza makali ya uchumi inapotangazwa, naandika imetangazwa lini, inamhusu nani, nani aliitwa kuijadili, na inakwisha lini. Wengi wetu tunaishia kwenye safu ya kwanza. Tunasikia tangazo, tunalirusha kwenye kundi la WhatsApp, mtu anajibu kwa kidole gumba, basi. Safu zile tatu nyingine ndizo zenye pesa.

Nifungue ukurasa wa kwanza. Ijumaa, tarehe 20 Machi 2020. Jioni ile mikahawa na baa ziliamriwa kufungwa, na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Rishi Sunak, akatangaza kwamba serikali italipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi ambaye kazi imesimama lakini mwajiri hajamwachisha, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Huo ndio mpango wa kulinda ajira ambao wote tuliuita falo. Kwa nchi hii lilikuwa jambo geni kabisa: serikali ya chama cha Conservative kulipa mishahara ya watu wa mahotelini na madukani! Hadi mpango unafungwa tarehe 30 Septemba 2021, ajira milioni 11.7 zilikuwa zimepita humo kwa nyakati tofauti, na hazina ilikuwa imetoa takriban pauni bilioni 70.

Sasa tazameni safu ya tatu, nani aliitwa. Wiki ile Wizara ya Fedha ilizungumza na TUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, chini ya Katibu Mkuu wake Frances O'Grady, na CBI, shirikisho la waajiri, chini ya Carolyn Fairbairn. TUC ilikuwa ikidai ruzuku ya mishahara na kutoa mifano ya nchi nyingine za Ulaya. Waziri aliwashukuru wote wawili hadharani. Miezi sita baadaye, Septemba 2020, alitoka nje ya ofisi yake ya Downing Street akapigwa picha akiwa katikati ya wanawake hao wawili. Wengi waliitazama picha ile wakaona itifaki tu. Mimi niliiona kama picha ya jikoni: hapo ndipo chakula kilipopikwa.

Kule nyumbani watu wa kazi huita jambo hili utatu, yaani serikali, waajiri na wafanyakazi. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lililoanzishwa mwaka 1919, limejengwa hivyo. Kwenye mkutano wake mkuu kila nchi hupeleka wajumbe wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi. Mama zangu hawahitaji kuelezwa. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu, na ukiondoa moja, mchuzi unamwagika. (Nasema mafiga ya jikoni. Ya siasa nimeyaacha nyumbani.)

Nirudi kwenye tarehe, maana hapo ndipo watu wetu walipoumia. Falo ya kwanza ilisema: lazima uwe kwenye orodha ya mishahara ya mwajiri kufikia tarehe 28 Februari 2020. Aprili 15 wakaisogeza hadi 19 Machi. Vijana wetu wawili walikuwa wameanza kazi wiki moja, mwanzoni mwa Machi, hoteli mbili tofauti. Mmoja hulipwa kwa wiki, mwingine kwa mwezi. Kumbe masharti yalidai zaidi ya kuwa umeanza kazi. Mwajiri alitakiwa awe ameshakutaja kwenye taarifa yake ya mishahara kwa mamlaka ya kodi, HMRC, kufikia siku ile. Yule wa wiki jina lake lilikuwa limeshakwenda. Yule wa mwezi mshahara wake wa kwanza ulikuwa utoke mwisho wa Machi, kwa hiyo machoni pa HMRC alikuwa hajazaliwa. Kazi moja, wiki moja, na mmoja akakaa nyumbani na asilimia 80 yake, mwingine akalala kwenye sebule ya binamu yake.

Huyo wa pili hakuambiwa mambo mawili. La kwanza, mwajiri wake wa zamani, yule aliyemwacha mapema Machi, aliruhusiwa kumrudisha kwenye orodha na kumwombea falo. Hakulazimishwa, lakini aliruhusiwa, na mtu huombwa. La pili, mpango ulipoongezwa muda Novemba 2020, tarehe ya kuhesabiwa ilibadilika ikawa 30 Oktoba 2020. Kijana huyo kwa wakati huo alikuwa ameajiriwa tena jikoni mahali pengine. Safari hii alihusika, na safari hii aliuliza, kwa sababu tulikuwa tumemsomea.

Angalieni pia safu ya nne ilivyoyumba. Falo ilikuwa iishe Oktoba 31, 2020. Waajiri wakaanza kuwapa watu barua za kuachishwa. Siku yenyewe ya mwisho, Jumamosi jioni, Waziri Mkuu akatangaza karantini mpya na falo ikaongezwa. Siku chache baadaye ikasogezwa hadi Machi 2021, kisha Aprili, kisha Septemba. Waliokuwa na mwakilishi kazini waliweza kurudi kwa mwajiri na kumwambia, bwana, sababu ya barua yako imeondoka, ifute. Wasiokuwa naye walishakabidhi funguo na sare.

Kuna jambo lililoniuma kuliko yote. Wengi wetu, au ndugu zetu, viza zao zina maneno yale ya kutokuwa na haki ya fedha za umma. Maneno hayo yametutia hofu kuliko yanavyostahili. Dada mmoja wa jumuiya yetu alimkatalia meneja wake falo kwa wiki tatu, akiogopa kwamba siku ya kuomba kuongezewa viza ataulizwa kwa nini alikula pesa ya serikali. Wiki tatu bila senti, ana watoto wawili. Ilhali falo haikuwa fedha za umma kwa maana ya sheria ya uhamiaji, na wala ruzuku ya waliojiajiri haikuwa. Fedha za umma ni orodha maalumu iliyoandikwa: Universal Credit imo, posho ya watoto imo, msaada wa kodi ya nyumba umo. Malipo ya ugonjwa ya kisheria hayamo. Malipo ya uzazi kutoka kwa mwajiri hayamo. Posho ya kutafuta kazi inayotokana na michango yako ya Bima ya Taifa haimo, kwa sababu umeichangia mwenyewe. Mtu asikubali hofu imsomee orodha. Aisome, au amwombe mshauri wa uhamiaji mwenye leseni amsomee.

Waliojiajiri nao, madereva wetu wa teksi, wasusi, mafundi, walipata mpango wao tarehe 26 Machi 2020: asilimia 80 ya wastani wa faida, kikomo kilekile cha pauni 2,500 kwa mwezi, faida isizidi pauni 50,000 kwa mwaka. Lakini ulipimwa kwa ritani za kodi. Ruzuku ya kwanza ilitaka ritani ya mwaka 2018 hadi 2019, na waliochelewa wakapewa hadi Aprili 23, 2020 kuipeleka. Chini ya mwezi mmoja! Aliyeanza biashara baada ya Aprili 2019 hakuwa na ritani hiyo, akakaa nje mwaka mzima. Kisha ikaja bajeti ya Machi 3, 2021. Waziri akasema ruzuku ya nne itakubali ritani ya 2019 hadi 2020, ilimradi iwe imepelekwa kufikia usiku wa manane wa tarehe 2 Machi. Yaani jana yake. Walitaka kuzuia ulaghai, nawaelewa, lakini fikirini maana yake kwa fundi anayesema, "Ritani nitapeleka, kwani haraka ya nini?" Aliyelala usiku ule akiwa ameshaipeleka aliamka na haki. Jirani yake aliamka na hadithi.

Niwape na ukurasa wa wafanyakazi wa kea, maana humu ukumbini ndio wengi. Mwaka 2020 malipo ya ugonjwa ya kisheria yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki, na ili uyapate ulitakiwa uwe unalipwa wastani wa pauni 120 kwa wiki katika kazi hiyo moja. Mwenye kazi mbili ndogo, pauni 100 huku na 100 kule, hakupata huku wala kule. Ndiyo maana watu walikwenda zamu wakikohoa. Mwezi Mei 2020 serikali ikatenga pauni milioni 600 kwa nyumba za wazee za England ili, pamoja na mambo mengine, mfanyakazi anayejitenga alipwe mshahara wake wa kawaida. Fedha zilipitia halmashauri zikaenda kwa wenye nyumba hizo. Nimewauliza watu wengi wa jumuiya yetu waliofanya kea mwaka ule kama waliwahi kusikia juu ya mfuko huo. Mikono iliyonyooshwa naweza kuihesabu kwa vidole. Kazi hiyo ina waajiri maelfu kwa maelfu na haina meza moja ambapo mishahara yake hujadiliwa. Anayetangaziwa ni mwajiri. Wewe unasubiri akuambie.

Sasa nivuke maji kidogo, kwa sababu wapo ndugu zetu Ujerumani na Skandinavia ambao kila tukipigiana simu hushangaa tunavyohangaika. Denmark ilikuwa na makubaliano ya utatu katikati ya Machi 2020, siku kadhaa kabla ya tangazo la London. Serikali ilichukua asilimia 75 ya mshahara wa mwajiriwa wa mwezi na 90 ya anayelipwa kwa saa, kwa kiwango kilichowekewa kikomo. Mwajiri akaongezea kilichobaki na kuahidi kutopunguza watu kwa sababu za kiuchumi. Mfanyakazi akatoa siku tano za likizo yake. Kila mmoja aliweka kitu kwenye sinia. Hapa kwetu mwajiri hakuchangia chochote kwenye mshahara wenyewe hadi Septemba 2020, alipoanza kutoa asilimia 10.

Wajerumani wana utaratibu wao wa miaka mingi, Kurzarbeit, yaani kazi ya saa pungufu. Saa zikipunguzwa, mfuko wa bima ya ajira unalipa asilimia 60 ya pato halisi lililopotea, au 67 kwa mwenye mtoto. Mwaka 2020 wakapandisha viwango kwa waliokaa muda mrefu, hadi 80 na 87 kuanzia mwezi wa saba. Mwaka 2009, baada ya mabenki kuanguka, ulibeba watu karibu milioni moja na nusu. Aprili 2020 ulibeba takriban milioni sita. Na katika viwanda vingi mkataba wa hali bora ulimtaka mwajiri aongezee juu ya hapo. Tofauti ya falo na mwavuli huo ni kwamba Mjerumani aliukuta nyuma ya mlango. Sisi tulishonewa wetu mvua ikinyesha.

Umoja wa Ulaya una taasisi Dublin inayoitwa Eurofound, ipo tangu 1975, na bodi yake yenyewe ina serikali, waajiri na wafanyakazi. Aprili 2020 ilianza kuweka kumbukumbu ya kila hatua inayochukuliwa katika kila nchi mwanachama: imeanza lini, inamlenga nani, na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi vilishirikishwa vipi, kama viliitwa kujadili, au vilipewa taarifa tu, au havikuulizwa kabisa. Nilifurahi kuona maofisa wa Dublin nao wana daftari. Wao huliweka ili watunga sera walinganishe nchi. Sisi tuliweke ili mtu asilale njaa wakati sahani yake iko mezani.

Ukaja msukosuko wa pili. Vita vya Ukraine, gesi ikapanda, na Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini hapa ulifika asilimia 11.1. Serikali ikatangaza dhamana ya bei ya nishati, na watu wakasikia neno "pauni 2,500 kwa mwaka". Humu jumuiyani nilikuta watu wanaamini kwamba hiyo ndiyo bili ya juu kabisa, washa utakavyo! Kilichozuiliwa ni bei ya kila yuniti; hizo 2,500 zilikuwa makadirio ya nyumba ya kawaida. Kisha zikaja zile pauni 400 kwa kila nyumba, kwa mafungu sita kuanzia Oktoba 2022 hadi Machi 2023.

Pauni 400 zile zilimfikia mwenye nafasi bila jasho, ziliingia kwenye akaunti yake ya umeme akiwa amelala. Mwenye mita ya kulipia kabla, dada yake LUKU, wa zile za zamani za ufunguo na kadi, alitumiwa vocha kwa posta au kwa simu, aipeleke mwenyewe dukani. Vocha zilikwenda kwa majina ya wapangaji waliohama, nyingine zikatupwa pamoja na matangazo ya piza. Tulipita nyumba kwa nyumba hapa mjini Mei na Juni 2023, kwa sababu mwisho wa kuzitumia ulikuwa 30 Juni 2023. Mzee mmoja alikuwa nazo nne ndani ya Msahafu, amezihifadhi vizuri, akidhani ni barua za kudaiwa. Na wale wapangaji wa vyumba ambao bili iko kwa mwenye nyumba: kulikuwa na sheria iliyomlazimu mwenye nyumba kuupitisha msaada huo kwa mpangaji kwa kiasi kilicho haki. Wangapi waliudai?

Kuhusu mishahara, mwaka 2022 meza ya Machi 2020 haikuonekana tena. Ujerumani, Kansela Scholz aliwaita waajiri na vyama mwezi Julai. Ikazaliwa ruhusa ya mwajiri kumlipa mfanyakazi hadi yuro 3,000 bila kodi ili kufidia bei, ruhusa ambayo ilikuwepo hadi mwisho wa 2024. Novemba chama cha wafanyakazi wa vyuma, IG Metall, kikasaini nyongeza ya asilimia 8.5 kwa awamu mbili, pamoja na yuro 3,000 hizohizo. Ubelgiji hawahitaji hata kikao, mishahara yao hupanda yenyewe bei zikipanda. Januari 2023 wafanyakazi wengi wa ofisini waliongezwa asilimia 11 na kitu. Hapa kwetu tulikwenda barabarani. Tarehe 15 Desemba 2022 wauguzi wa chama cha RCN waligoma katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, jambo ambalo chama hicho hakikuwahi kulifanya kwa ukubwa huo. Baadhi yenu mlikuwa kwenye mstari ule na kofia za sufu, chai mkononi. Mei 2023 upande wa England ukapata makubaliano: asilimia 5, na malipo ya mara moja yasiyopungua pauni 1,655 kwa wa muda kamili.

Na hapo tena, tarehe. Malipo yale ya mara moja yalikuwa ya aliyeajiriwa moja kwa moja na hospitali ya umma tarehe 31 Machi 2023. Aliyekuja wodini usiku uleule kupitia wakala, akageuza wagonjwa walewale, hakuhesabiwa. Waswahili walisema asiyekuwepo na lake halipo. Watu wa wakala hawakuwa na mtu kwenye meza ile, na lao halikuwepo.

Mtaniuliza, haya yanahusu nini Uhuru wetu? Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, bei zilikuwa zimepaa, mshahara haununui kitu. Mgomo ukapanda garimoshi, ukafuata reli kwenda bara. Wakapata nyongeza kupitia usuluhishi. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, na Katibu Mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa, mtumishi wa serikali mwenye asili ya Songea, ambaye Januari 1962, wiki chache tu baada ya bendera kupanda, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Madai ya mkate yalifika bandarini kabla ya hotuba za Uhuru kufika Mnazi Mmoja. Baadaye vyama hivyo vilivyopoteza uhuru wao ndani ya dola ni habari nyingine, na wazee wetu hapa wanaijua kuliko mimi.

Hata leo nyumbani meza ipo. Tanzania ina baraza la ushauri la masuala ya kazi, uchumi na jamii, LESCO, ambapo pande tatu hukutana kwa mujibu wa sheria ya 2004. Majirani zetu Wakenya, mlioketi meza ya kushoto karibuni sana, Aprili 2020 serikali yenu ilisaini makubaliano na COTU na shirikisho la waajiri. Mwezi huohuo mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 alisamehewa kodi yote ya mshahara. Nafuu ile haikukoma hata Januari mosi 2021. Nalitaja kwa sababu sisi ndio tunaopigiwa simu. Shangazi akisema Juni 2022 mafuta yamepanda, ni vema ujue kwamba serikali ya Tanzania iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi huo, ili unapotuma pesa ujue unaziba pengo lipi.

Sasa niseme tunachoweza kufanya, maana naona vifuniko vya masufuria vimeanza kufunuliwa.

Kamati imekubali daftari liwe la jumuiya. Litakuwa kwa Katibu, na kila mkutano wa mwezi dakika kumi za mwanzo zitakuwa za kusoma tarehe. Hati zako za mshahara usizitupe, hata zile za simu, zichapishe. Anayejiajiri, ritani ya kila mwaka mwisho wake ni 31 Januari, na mhasibu wetu wa kujitolea atakuwa hapa Jumamosi mbili za mwezi huo. Kuhusu vyama vya wafanyakazi, nimeambiwa na vijana waliokuja kwa viza ya kea kwamba wanaogopa, mwajiri ndiye mdhamini wao. Nawaelewa. Sheria ya nchi hii inakataza mfanyakazi kuadhibiwa kwa sababu ya kujiunga na chama, na haiulizi viza ya aina gani. Hakuna anayelazimika kumwambia meneja. Njooni mniulize pembeni.

La mwisho ni la mwakani. Novemba 2023 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2024 kingekuwa pauni 11.44 kwa saa kwa wenye miaka 21 na zaidi. Kiwango hicho kinapendekezwa na tume ya mishahara ya chini yenye makamishna tisa: watatu wenye uzoefu wa upande wa waajiri, watatu wa upande wa wafanyakazi, na watatu wa kujitegemea. Ni moja ya meza chache za mafiga matatu zilizobaki nchini hapa. Kila mwaka hukaribisha maelezo kutoka kwa mtu yeyote au kikundi chochote, na husoma. Mfanyakazi wa kea anayetoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine, anaendesha gari dakika arobaini bila kulipwa, mshahara wake ukigawanywa kwa saa zake hafikii hata hicho kima cha chini. Tunao watu kama hao humu ndani, na wana ratiba zao kwenye simu. Tukusanye ratiba za wiki nne kutoka kwa watu ishirini, tufute majina, tuandike kurasa tatu, tuzipeleke mwakani tume itakapofungua mlango. Dada wawili wameshajiandikisha kuifanya kazi hiyo pamoja nami. Karatasi ya majina iko kwenye meza ya mlangoni, karibu na kapu la kashata, na kalamu nimeifunga kwa kamba.